Barabara ya Selma na Waliobaki Kando Yake

(Hotuba iliyotolewa kwa kamati ya maandamano na waumini, katika ukumbi wa kanisa)



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya sheria ya mikutano ya hadhara. Tumeona heri tuzungumze kwanza juu ya barabara. Mahakama hazisikizi kesi za haki zinazoelea hewani. Husikiza kesi za watu waliosimama mahali fulani, siku fulani, wakazuiwa na mtu fulani. Nasi tunakusudia kutembea kilomita 23 kutoka kanisa hili hadi makao makuu ya kaunti, tukiwa na ombi juu ya vijana wetu waliotekwa mwaka 2024. Kwa hiyo tutawasimulia habari za barabara moja ya mbali ambayo watu walitaka kuipita kwa miguu, wakakatazwa, wakapigwa, wakaenda mahakamani, kisha wakaipita. Tutawaambia pia yaliyowapata waliokuwa wakiishi kando yake, maana hao husahauliwa mapema kuliko wote.

Barabara hiyo iko katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ni Barabara Kuu ya 80, na katika daftari za jimbo hubeba pia nambari 8. Nambari ya 80 iliipata mwaka 1926, Marekani ilipoanza kuzipa barabara zake kuu nambari, na wakati huo ilikatiza nchi nzima kutoka Georgia hadi California. Kipande tunachokizungumzia leo ni kifupi: maili 54, yaani kilomita 87 hivi, kutoka mji wa Selma hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo. Ni kama mtu atoke Nairobi aende Naivasha. Hupita katika wilaya tatu: Dallas, Lowndes na Montgomery. Nchi yenyewe ni ya udongo mweusi wenye rutuba, uliolimwa pamba na watumwa, na baada ya utumwa ukalimwa na wajukuu wa watumwa wakiwa maskwota katika mashamba ya watu weupe.

Hata majina ya njia hiyo yalisema ni ya nani. Waliiita barabara ya Jefferson Davis, yule aliyeapishwa pale Montgomery mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kumiliki watumwa. Daraja la kutokea Selma, linalovuka mto Alabama, lilifunguliwa mwaka 1940 nalo likaitwa Edmund Pettus, kwa jina la jenerali wa jeshi hilo hilo la waliojitenga, ambaye baadaye alikuwa seneta na kiongozi wa Ku Klux Klan. Daraja hilo limeinuka katikati kama mgongo wa ngamia. Anayelipanda kutoka mjini haoni kilichoko ng'ambo mpaka afike juu.

Mwanzoni mwa mwaka 1965, watu weusi wenye umri wa kupiga kura katika wilaya ya Dallas walikuwa wapatao 15,000. Walioandikishwa hawakufika 400. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na aliyefika aliulizwa maswali juu ya katiba ambayo hata wakili angetafuna kalamu. Katika wilaya ya Lowndes, ambako watu weusi walikuwa karibu wanne katika kila watano, hakuwapo hata mmoja aliyeandikishwa. Yaani sifuri, ndugu zetu. Sheria ya nchi haikusema mtu mweusi asipige kura. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1870 yalikataza kabisa kumnyima kura kwa sababu ya rangi. Kizuizi kilikuwa kwa karani na mezani pake. Sisi tuliozoea kusikia kwamba haki zetu zote zimo katika katiba tunaielewa hali hiyo bila mkalimani.

Tarehe 18 Februari 1965, katika mji wa Marion ulio karibu na Selma, askari wa jimbo walivunja maandamano ya usiku. Kijana mmoja shemasi wa kanisa la Kibaptisti, Jimmie Lee Jackson, mwenye umri wa miaka 26, alipigwa risasi alipokuwa akimkinga mama yake. Alifariki tarehe 26. Katika uchungu wa msiba huo likatokea wazo la kulibeba jeneza lake hadi Montgomery na kuliweka mbele ya gavana George Wallace. Jeneza halikubebwa hivyo, lakini safari ilibaki.

Gavana alipiga marufuku. Na hoja yake, tafadhali isikizeni vizuri, ilihusu usalama barabarani na mwendo wa magari na biashara. Hakusema kwamba watu weusi hawastahili kupiga kura. Alisema watazuia magari. Tumeishi miaka mingi katika nchi hii na tumeisikia hoja hiyo ikivalishwa kila aina ya sare.

Jumapili ya tarehe 7 Machi, watu wapatao 600 walitoka katika kanisa la Brown Chapel wakiongozwa na John Lewis na Hosea Williams. Hawakutembea katikati ya barabara. Walipanga mstari wa wawili wawili kando, njia ya waendao kwa miguu. Walipofika juu ya daraja wakawaona askari wa jimbo na watu wa sherifu, baadhi yao juu ya farasi. Waliamriwa watawanyike katika muda wa dakika mbili. Kabla dakika hizo hazijatimia askari waliwavamia kwa rungu, mijeledi na mabomu ya machozi, wakawakimbiza hadi mlangoni pa kanisa. Jioni hiyo shirika moja la televisheni lilikatiza filamu juu ya kesi za Nuremberg, likaonyesha picha za darajani. Waliokuwa sebuleni mwao wakitazama hukumu za Wanazi wakajikuta wanatazama askari wao wenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana ndipo kazi yetu mawakili ilipoanza. Kesho yake, tarehe 8, walioandamana walikwenda katika mahakama ya serikali kuu mjini Montgomery, mbele ya Jaji Frank Johnson. Waliosimama nao ni mawakili wa mfuko wa utetezi ulioasisiwa mwaka 1940 na Thurgood Marshall, yule yule aliyekuja Lancaster House mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wetu juu ya haki za msingi katika katiba ya Kenya. Waliomba gavana azuiwe kuwazuia. Jaji akasema watasikizwa, lakini kwa sasa wasiandamane.

Amri hiyo iliwatia watu katika mtihani. Tarehe 9 Machi, Dkt. Martin Luther King aliongoza watu wapatao 2,000 hadi ng'ambo ya daraja, wakapiga magoti wakaomba, kisha akawageuza wakarudi. Vijana wengi walikasirika, wakasema wameuzwa. Usiku huo huo mchungaji mmoja mweupe kutoka Boston, James Reeb, alipigwa na wahuni mjini Selma, akafa tarehe 11. Wapo mpaka leo wanaosema King alikosea kugeuka. Sisi hatuoni hivyo. Kesi ilikuwa mbele ya jaji, na walalamikaji waliokuja kudai kwamba serikali imevunja sheria wasingekuwa na uso wa kusimama kizimbani wakiwa wamevunja amri ya jaji huyo huyo wiki ile ile. Lakini hasira ya vijana nayo ilikuwa ya haki, na viongozi hawakuwa wamewaeleza mapema. Jambo hilo la kueleza mapema tuliweke akilini.

Mahakama ilitazama filamu ya darajani. Ikawasikiza waliopigwa. Ndipo walalamikaji wakatakiwa waeleze wanataka kuandamana vipi. Wakaleta mpango ulioandikwa. Tunawasihi vijana wetu wa kamati wasikie mpango huo ulivyokuwa, maana haukuwa wa mashairi. Ulitaja siku ya kuanza na siku ya kufika. Ulieleza barabara ina upana gani na wapi: karibu na Selma na karibu na Montgomery ilikuwa na njia nne, na katika sehemu ya Lowndes ilikuwa na njia mbili tu. Ulisema watu watalala wapi kila usiku, na kwamba wenye mashamba hayo wamekubali. Ulitaja chakula, malori yenye vyoo na mahali pa kunawa, ukusanyaji wa taka, gari la wagonjwa na huduma ya kwanza. Na ulikubali jambo moja gumu: kwamba katika sehemu ya njia mbili hawatapita watu zaidi ya 300.

Tarehe 17 Machi Jaji Johnson aliamua. Alisema, kwa maana tunayoifupisha hapa, kwamba haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani katika barabara kuu yapasa ilingane na ukubwa wa uovu unaolalamikiwa. Na kwa kuwa uovu huu ulikuwa mkubwa mno, haki nayo ilikuwa pana kwa kiasi hicho. Barabara kuu, ambayo gavana aliiona kuwa ni ya magari peke yake, ikapewa kwa siku tano watu waendao kwa miguu. Wapo wanasheria waliomlaumu jaji kwamba alipima haki kwa mizani isiyokuwamo katika vitabu. Yawezekana. Lakini asingeweza kuamua hivyo kama mbele yake kungekuwa na nyimbo tu bila idadi ya vyoo.

Gavana alidai hana uwezo wa kuwalinda, na Rais Lyndon Johnson akawaweka chini ya amri yake askari wa akiba wa Alabama zaidi ya 1,800, pamoja na wanajeshi wa kawaida. Tarehe 21 Machi walitoka Selma watu wapatao 3,200. Waliofika Lowndes walipunguzwa wakabaki 300, wakatembea kwenye mvua. Walilala katika mahema kwenye mashamba ya watu weusi, na usiku wa nne wakalala katika uwanja wa St. Jude, mahali pa Kanisa Katoliki penye shule na hospitali, pembeni mwa Montgomery. Tarehe 25 waliofika mbele ya makao ya gavana walikuwa wapatao 25,000.

Simulizi nyingi huishia hapo, na sheria ya haki ya kupiga kura iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965 huletwa kama pambo la mwisho. Sisi tunawaomba mbaki nasi barabarani, maana wale 25,000 walirudi makwao kwa mabasi na ndege, na barabara ikabaki na wenyewe.

Usiku ule ule wa tarehe 25, mama mmoja mweupe kutoka Detroit, Viola Liuzzo, mwenye watoto watano, alikuwa akiwarudisha waandamanaji Selma kwa gari lake. Katika Lowndes, gari la wana-Klan lilimfuata, wakampiga risasi akafa. Mmoja wa waliokuwamo katika gari la wauaji alikuwa mpelelezi aliyelipwa na FBI. Mabaraza ya wazee wa mahakama ya jimbo hayakumtia hatiani hata mmoja kwa mauaji. Ilikuwa mpaka mwezi Desemba, katika mahakama ya serikali kuu mbele ya Jaji Johnson yule yule, watatu wakafungwa miaka kumi kwa kula njama dhidi ya haki za raia. Tarehe 20 Agosti, katika mji wa Hayneville, ulio katika wilaya hiyo hiyo, mseminari wa Kianglikana, Jonathan Daniels, aliuawa kwa bunduki mchana, mbele ya duka, alipomsukuma pembeni msichana mweusi aliyekuwa amelengwa. Aliyemuua aliachiliwa na baraza la wazungu watupu. Waumini wenzetu wa Kianglikana wanalijua jina hilo katika kalenda za kanisa.

Sasa fikirini juu ya mashamba yale waliyolala waandamanaji. Wenyewe walikuwa watu weusi wenye ardhi yao. Ndiyo sababu waliweza kusema karibuni. Skwota asingeweza, nyumba aliyolala na mtaro uliopita mlangoni pake vilikuwa vya tajiri. Nao maskwota walipopata moyo, wakaenda kujiandikisha mwaka huo, matajiri waliwafukuza, wengine wakiwa wamezaliwa hapo na wazazi wao wamezikwa hapo. Mwezi Desemba 1965 familia zilizofukuzwa zilipiga mahema kando ya Barabara ya 80 yenyewe, katika kipande cha ardhi kilichopatikana na vijana wa harakati. Mahali hapo pakaitwa Mji wa Mahema. Waliishi humo kwa takriban miaka miwili, katika baridi ya Januari na joto la Agosti, na magari yaliyopita usiku yaliyamiminia mahema risasi. Mkiuliza kura ya Lowndes ilinunuliwa kwa nini, jibu ni turubai hizo.

Watu hao hao, na hapa wasomaji wa jarida la vyama vingi watafurahi, walianzisha chama. Chama cha Demokrati katika Alabama wakati huo kilikuwa cha wazungu, na alama yake ya jogoo iliandikwa maneno ya kuutukuza utawala wa watu weupe. Kilipandisha ada ya kugombea kutoka dola 50 hadi 500. Sheria ya jimbo iliruhusu wananchi waunde chama cha wilaya moja, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ilikuwa jambo kuu. Wana-Lowndes walichagua chui mweusi, kabla ya chama mashuhuri cha California kuichukua alama hiyo. Mwezi Novemba 1966 waligombea, wakashindwa viti vyote. Wengine wangekata tamaa. Mwaka 1970 mmoja wa waasisi wa chama hicho, John Hulett, alichaguliwa sherifu wa Lowndes, katika ofisi ile ile iliyokuwa ikiwakamata.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliitangaza njia hiyo kuwa njia ya kihistoria ya taifa, na mwaka 2006 jumba la maonyesho likafunguliwa mahali palipokuwa na Mji wa Mahema. Watalii hupiga picha. Hata hivyo msidhani kazi iliisha. Tarehe 25 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyoletwa na wilaya nyingine ya Alabama iitwayo Shelby, ilibatilisha kifungu kilichoyalazimisha majimbo kama hayo kuomba idhini kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Na huko Lowndes, ambako kaya nyingi hazina mfumo wa kuondoa maji taka, Wizara ya Haki ilifikia mapatano na Idara ya Afya ya jimbo mwaka 2023. Mwaka 2025 utawala mpya ukayavunja mapatano hayo.

Turudi kwetu. Kabla ya mwaka 1997, Sheria ya Usalama wa Umma Mikutanoni, Sura ya 56, ilitutaka tuombe leseni kwa mkuu wa wilaya ili tukutane. Watu walikufa kwa ajili ya leseni hiyo. Tarehe 7 Julai mwaka huo polisi waliingia katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu mle ndani; miezi michache baadaye sheria ikabadilishwa. Tangu hapo hatuombi leseni. Tunatoa notisi kwa OCS, si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku kumi na nne kabla. Na tangu mwaka 2010 Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Hata hivyo, tarehe 7 Julai 2025, polisi waliweka vizuizi katika barabara kuu za kuingia Nairobi, magari yakarudishwa, na wafanyakazi wakaenda kwa miguu. Katika siku ile mwendo wa magari haukuzuiwa na waandamanaji.

Kwa hiyo, juu ya kilomita zetu 23, tunapendekeza haya kwa kamati. Notisi iandikwe kwa nakala tatu, na ya tatu igongwe muhuri pale kituoni mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao mchungaji. Iambatane na mpango kama ule wa Selma: saa ya kutoka, mahali pa kupumzika, maji, gari la wagonjwa, vijana wa kuongoza magari, na watakaobeba taka. Daraja la mto ni jembamba. Tukubaliane wenyewe tutapita wangapi kwa mara moja, kabla hatujaambiwa na mtu mwingine. Ikitokea amri ya mahakama, tutageuka, na kila mwandamanaji aelezwe hilo Jumapili inayotangulia, hadharani, madhabahuni.

Lililobaki ni zito zaidi. Kati ya kilomita ya 9 na ya 15, barabara yetu hupita katikati ya mashamba ya majani chai, na wanaoishi humo wanalala katika nyumba za mwajiri. Wengi wamekwisha kutuambia watatoka kutupokea kwa maji na nyimbo. Tumeambiwa pia kwamba wanyapara wameanza kuandika majina. Kamati isimwombe hata mmoja wao apokee mgeni, aweke bango mlangoni au apigwe picha, mpaka tuwe na orodha ya nyumba za parokia na mashamba ya waumini wenye hati zao ambako familia iliyofukuzwa inaweza kulala, na fedha za chakula cha miezi mitatu kwa uchache. Mawakili watano tumejitolea kuchukua kesi za kufukuzwa bila malipo. Orodha ya nyumba iko kwa mwenyekiti wa akina mama pale mlangoni. Mpaka tulipoanza kusema, ilikuwa na majina manne.